Damu safi, mayai viza

Binamu yangu wa Leicester anafuga nyoka, kabati zima. Juzi alinitumia picha ya jike mweupe mwenye macho mekundu, yule nyoka mfupi mnene anayejifukia mchangani, ambaye huko ughaibuni wamempa jina la Kenya. "Damu safi," akaandika. "Tangu nianze sijaingiza mgeni."

Mimi ni mtu wa njiwa. Kwetu Kibokoni nilikuwa na njiwa manga weupe pepepe, na kwa uchoyo wa weupe huo nikawa nawaozesha ndugu kwa ndugu. Kufika kizazi cha tatu, nusu ya mayai ni viza, na kinda mmoja katoka mdomo umepinda. Mzee mmoja barazani akaniambia, "Mwanangu, hao washachoka kuoana wenyewe kwa wenyewe."

Weupe wa nyoka yule hutokea pale mtoto anaporithi jeni zilezile zenye hitilafu kwa baba na kwa mama. Ukipandisha ndugu, unaupata upesi. Kasheshe ni kwamba maradhi mengi nayo hujificha vivyo hivyo, yakingoja pande mbili zikutane. Mtoto wa ndugu wa baba mmoja mama mmoja, kwa kila jeni, ana uwezekano wa asilimia 25 wa kubeba nakala mbili zinazotokana na nakala moja tu ya mzee mmoja wa ukoo. Kwa watoto wa mabinamu ni 6.25. (Najua, Pwani tunaoana mabinamu. Msinifukuze mjini.) Ukirudia kila kizazi, hesabu inazidi kupanda.

Kusini mwa Sweden kulikuwa na kikundi cha nyoka wa jamii moja na bafe wetu, kimezungukwa na mashamba, hakina pa kupata wageni. Wakawa wanazaa vilema na maiti. Mwaka 1992 watafiti wakawaletea madume 20 kutoka kwingine, wakawaacha misimu minne ya kupandana, kisha wakawaondoa. Kikundi kikafufuka.

Kuna usafi mmoja ninaouheshimu, nao ni wa mahali. Nyoka huyu wa mchangani yuko pia Misri. Ukimchanganya wa huko na wa kwetu, usimuuzie mtu kwa jina la Kenya. Lakini kulinda asili ya mahali si kufungia familia moja kabatini. Tafuta dume wa asili hiyohiyo kwa mfugaji mwingine, ambaye daftari lake la nasaba halikutani na lako. Watoto watatoka na rangi ya kawaida, ndiyo, ila wameubeba weupe ndani. Wapandishe na weupe wa ukoo mwingine, rangi itarudi.

Hapa Mombasa siwezi kumwonyesha kwa vitendo: sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na mama yangu ana sheria zake.

Binamu akajibu kwamba mgeni atamvurugia rangi. Nikamtumia picha ya kinda wangu wa mdomo uliopinda. Tiki mbili za buluu, kimya.