Franchaizi ya Matunzo ya Nyumbani: Hesabu Ianzie kwa Mhudumu

Watu wanaofikiria kununua franchaizi ya matunzo ya nyumbani, yaani kulipia haki ya kuendesha biashara kwa jina na utaratibu wa kampuni iliyokwisha kujulikana, karibu wote huanza na swali la wateja: je, wazee wenye uhitaji wapo wa kutosha? Kwa maoni yangu hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Idadi ya wazee inaongezeka katika nchi nyingi, watoto wao wanaishi mbali, na wengi wao wangependa kubaki katika nyumba zao kuliko kuhamia makao ya wazee. Swali gumu, ambalo wauzaji wa franchaizi hulipitia haraka, ni nani atakayefika nyumbani kwa mzee huyo saa kumi na mbili asubuhi, atalipwa kiasi gani, na ni jambo gani litakalomzuia kuacha kazi mwezi ujao.

Biashara hii kwa sura yake ya sasa ilikomaa Marekani. Home Instead, mojawapo ya majina makubwa, ilianzishwa Omaha, Nebraska, mwaka 1994, na washindani wake kadhaa wakajitokeza kabla ya muongo ule kwisha. Kinachouzwa zaidi si tiba, bali ni msaada wa kuoga, kuvaa, kupika, kukumbushwa dawa na kuwa na mtu wa kuzungumza naye. Medicare, bima ya serikali ya nchi hiyo kwa wazee, haigharimii msaada wa namna hii unapokuwa ndio hitaji pekee la mgonjwa, kwa hiyo familia nyingi hulipa kutoka mfukoni mwao. Medicaid, mpango mwingine wa serikali wa kugharimia afya, huwalipia baadhi ya watu wenye kipato kidogo, lakini kwa viwango vinavyopangwa na serikali. Katika hali zote mbili bei ina kikomo, na mwenye biashara hawezi kuipandisha apendavyo.

Hapa ndipo ninapowasihi wanunuzi wachukue kalamu. Mirabaha ya franchaizi, yaani malipo ya kudumu kwa kampuni yenye jina, hukatwa kwenye mapato ghafi, mara nyingi karibu asilimia 5, na wala si kwenye faida. Tuseme kwa mfano kwamba katika kila 100 inayoingia, 60 zinakwenda kwenye mishahara ya wahudumu na makato yake, 5 ni mirabaha, 2 ni mchango wa matangazo ya pamoja, na 25 zinaendesha ofisi. Mwenye biashara anabakiwa na 8. Sasa wahudumu wanaanza kuhamia kwa washindani, naye analazimika kuongeza mishahara kwa sehemu moja ya kumi ilhali bei kwa mteja haijabadilika: gharama ya wahudumu inafika 66, na zile 8 zinakuwa 2. Kampuni yenye jina bado inapokea 5 zake kamili. Simaanishi kwamba kuna udanganyifu hapo, kwa kuwa mkataba umeyaeleza yote waziwazi. Ninachosema ni kwamba mwenye jina hupata zaidi saa zinapouzwa nyingi, wakati mnunuzi anaishi kwa kile kinachosalia baada ya mhudumu kulipwa. Masilahi yao hayafanani katika jambo lile lile linaloamua uhai wa ofisi.

Wala mshahara si jambo la kuamuliwa na mwenye ofisi peke yake. Wizara ya Kazi ya Marekani ilitoa kanuni mwaka 2013, ikaanza kutumika mwaka 2015 baada ya mvutano mahakamani, ambayo iliyaondolea makampuni yanayoajiri wahudumu wa nyumbani msamaha wa kutolipa kima cha chini cha mshahara cha shirikisho na malipo ya saa za ziada. Mwaka 2025 wizara hiyo hiyo ilipendekeza kuitengua. Mtu anayefunga mkataba wa miaka 10, muda ambao si wa ajabu katika franchaizi, hana budi kupanga hesabu zake akijua kwamba sheria ya malipo inaweza kugeuka zaidi ya mara moja kabla mkataba haujaisha.

Sheria za Marekani humpa mnunuzi silaha moja nzuri ambayo wengi hawaitumii ipasavyo. Tume ya Shirikisho ya Biashara huitaka kampuni imkabidhi mnunuzi waraka wa taarifa wenye vipengele 23, angalau siku 14 kabla hajatia sahihi wala kulipa chochote. Wengi hukimbilia kipengele cha 7, chenye makadirio ya mtaji wa kuanzia, na cha 19, chenye takwimu za mapato, ambacho kampuni hailazimiki kukijaza. Mimi ningeanza na cha 20. Humo mna idadi ya ofisi zilizofunguliwa, kufungwa na kuuzwa, pamoja na namna ya kuwapata wamiliki waliopo na walioondoka katika mwaka wa fedha uliopita. Akili za kuambiwa, changanya na zako: wapigie simu hao walioondoka, uwaulize ni wahudumu wangapi kati ya waliowaajiri walibaki mwaka mzima, na nani alikwenda kwa mteja siku ambayo mhudumu hakutokea. Mara nyingi ni mwenye ofisi mwenyewe, au mratibu wa zamu ambaye naye yuko njiani kuacha kazi.

Anayefaa kununua franchaizi hii, kwa jinsi ninavyoiona, ni mtu anayependa kuajiri, kufundisha na kutatua migongano ya zamu, hata kama hajawahi kumhudumia mgonjwa. Mwenye huruma nyingi asiyeweza kusimamia watu atateseka, na anayetaka kuweka mtaji kisha asimamie kutoka mbali afadhali atafute biashara nyingine. Mnunuzi yeyote kati ya hao ampelekee mwanasheria kipengele cha 17 kabla ya kutia sahihi, kwa sababu hicho ndicho kinachoeleza jinsi mkataba unavyovunjwa na kama, baada ya kutoka, ataruhusiwa kuendelea na kazi hiyo hiyo katika eneo lile lile kwa jina lake mwenyewe.