Kopo la unga wa akili na fungu la matembele

Siku hizi ukifungua status za WhatsApp lazima ukutane na mtu anauza unga. Mara mlonge, mara ubuyu, mara mbegu za zabibu kwenye kopo lenye picha ya ubongo, na maneno ni yale yale, una antioksidanti kibao, unaongeza kumbukumbu, mzee akitumia hasahau tena. Mimi nasema hela hiyo bora uende nayo gengeni.

Sio kwamba stori yote ni uongo. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili ila unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, halafu umejaa mafuta, kwa hiyo zile chembe haribifu zinazozaliwa na oksijeni zikizidi zinauumiza kirahisi, na mimea kweli ina vitu vya kuzituliza, ndio hizo antioksidanti. Hapo wauzaji wako sawa. Shida ni wanavyoruka kutoka kwenye chupa ya maabara mpaka kichwani kwa bibi yako. Idara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali mtandaoni la nguvu ya antioksidanti kwenye vyakula, karafuu ilikuwa juu huko (Wapemba mpo?), lakini mwaka 2012 wakaliondoa wenyewe, makampuni yalikuwa yanalitumia kuuzia bidhaa wakati namba zile hazionyeshi kinachotokea mwilini. Polifenoli, yaani kundi kubwa la antioksidanti za mimea, nyingi ukizimeza zinafyonzwa kidogo tu na hicho kidogo ini linakibadilisha.

Na vidonge vimejaribiwa jamani. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya wazee wanaume zaidi ya 7,500 waliopewa vitamini E na madini ya seleniamu, zote antioksidanti, kupoteza kumbukumbu hakukuzuilika. Kule Finland ndio balaa, wavuta sigara walipewa beta-karotini, antioksidanti ile ya kwenye karoti, na mwaka 1994 ikaonekana waliomeza ndio walipata saratani ya mapafu zaidi. Kwa hiyo hili la "ni asili, halina madhara" mtu asinidanganye nalo.

Mboga yenyewe ina ushahidi wa kuonekana kidogo. Mtafiti Martha Clare Morris na wenzake wa Chicago waliwafuatilia wazee 960, matokeo yakatoka 2018, waliokula mboga za majani kama mara moja kwa siku kumbukumbu zao zilishuka taratibu zaidi kuliko waliokula kwa nadra, tofauti ikawa kama wana umri mdogo kwa miaka 11. Ila nisiwe kama wauza kopo, huko ni kufuatilia watu tu, labda mla mboga anatembea sana na havuti sigara. Mwaka 2023 ulaji wa aina hiyo ulipojaribiwa kwa watu 604 kwa miaka 3, tofauti ya maana na kundi la pili haikuonekana. Mimi naendelea na matembele yangu tu, ni matamu na ni bei rahisi.

Halafu tuangalie tunavyoyapika. Unakuta mtu anachemsha mchicha mpaka umekuwa rangi ya kaki, anaukamua, yale maji ya kijani anayamwaga, vitamini C na foleti vimeenda na maji halafu jioni anakunywa unga wa kopo! Osha kwanza ndio ukate, weka kitunguu na nyanya, funika dakika chache tu, malizia na tui au karanga, maana lutini, antioksidanti ya kwenye majani, inahitaji mafuta ndio ifyonzwe vizuri. Kisamvu ndio usikiharakishe, kile kina sumu yake, lazima kitwangwe na kiive haswa.

Na huyo mzee anayesahau sahau, kabla ya kopo mpeleke akapimwe presha na sukari, na masikio pia. Ripoti ya jarida la kitabibu la Lancet ya 2024 imetaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na yanayoweza kurekebishwa, na yote matatu yamo, na wazee wengi tunawasema wamesahau kumbe hawakusikia tangu mwanzo.