Nani aseme "turudi"? Mbio za Sydney hadi Hobart kwa macho ya mtu wa mwaloni

Kila tarehe 26 Desemba, sisi Mwanza tukiwa bado tunamalizia pilau la Krismasi, kule Australia maboti ya tanga yanatoka bandari ya Sydney kwenda Hobart, kwenye kisiwa cha Tasmania. Maili za baharini 628, yaani kama kilomita 1,160, chukua barabara ya Mwanza mpaka Dar afu uitandaze juu ya mawimbi. Mbio zilianza 1945, na boti iliyowahi kwenda kasi kuliko zote, Comanche, ilifika 2017 kwa siku moja, masaa tisa na robo.

Ishu inayorudi kila kukiwa na msiba ni hii: hali ya hewa ikichafuka, nani mwenye neno la mwisho, nahodha aliyeko majini au waandaaji walioko nchi kavu?

Sheria yao inasema nahodha, na mi niliyekulia Kirumba, pale mwaloni Mwanza mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, naielewa sana. Jioni ya giza (giza ndo kazi, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa) utamkuta nahodha wa mtumbwi kasimama kwenye maji ya magoti, anaangalia upande wa Ukerewe, shavu kalielekeza kwenye upepo, dakika mbili tatu hasemi kitu, afu anasema "leo hapana" na vijana wanaanza kushusha taa. Hakuna mtu wa ofisini angeona alichokiona yule. Na kusimamisha mbio baharini sio kama refa kupuliza filimbi, boti ikishafika katikati kugeuka kwenyewe kunaweza kuua, wimbi likikukuta ubavu ndo unapinduka.

Lakini sasa kuna 1998. Maboti 115 yalitoka, onyo la dhoruba likatolewa zaidi ya saa moja baada ya mbio kuanza, yakaingia mlango bahari wa Bass, kati ya Australia bara na Tasmania, ambao kina chake ni kama mita 50 au 60 tu, na wimbi refu la bahari kuu likikuta maji mafupi linasimama wima kama ukuta. Yalifika Hobart 44. Matano yalizama, mabaharia 6 wakafa, 55 wakaokolewa. Mahakama ya uchunguzi wa vifo mwaka 2000 ikasema klabu iliyoandaa ilitelekeza jukumu lake la kusimamia mbio, na mi nakubaliana nayo kabisa.

Sababu ni kwamba nahodha hayuko huru kama tunavyomsifia. Yule wa Sydney ana wadhamini, ana watu waliojifua mwaka mzima, anaona tanga la mwenzake mbele yake. Wa kwetu ana tajiri, mwenye mtumbwi, ambaye yuko nyumbani na mafuta kakopa, ukimwambia hapana siku tatu mfululizo ya nne anatafuta nahodha mwingine. Nishamuona mtu mzima anasukuma mtumbwi majini huku wingu alilotuonyesha mwenyewe bado liko palepale. Huyo utasema kaamua yeye?

Baada ya 1998 walibadilisha mambo, angalau nusu ya watu kwenye kila boti lazima wawe na mafunzo ya usalama, na boti ikikaribia Green Cape, kabla ya Bass, nahodha lazima apige redio aseme vifaa viko sawa, watu ni wazima wa afya, utabiri kausikia na anaendelea. Uamuzi bado wake, ila kuna mtu kamsikia akiutamka. Kwangu hapo ndo penye uzito kuliko kubishana nani bosi.

2024 walikufa wawili, mmoja aligongwa na ule mti wa chini ya tanga, mwingine akarushwa na kamba ya tanga, na mbio zikaendelea. Wengi walikasirika, nawaelewa, wenzao wamelala maiti na wengine wanakimbilia kombe. Ila nasimama na walioendelea, kwa shida, maana maboti mengine yalikuwa yametapakaa baharini na bado yalikuwa lazima yafike bandari fulani.

Kwetu nahodha simu anayo, kaifunga kwenye nailoni isilowe, utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, unatoka kila siku. Ila pale mwaloni kwetu, saa tisa ya usiku radi zikianza, sijaona mtu aliyekaa nchi kavu kazi yake ni kusubiri asikie "naendelea" au "narudi".