Neno "zaidi" si amri ya kujumlisha

Kuna bango nililolibandua ukutani kwa mkono wangu, na sijutii. Upande mmoja liliandikwa: jumla, zaidi, ongeza, pamoja, basi jumlisha. Upande wa pili: baki, punguza, pungufu, basi toa. Nililichora mimi mwenyewe, kwa kalamu za rangi mbili, nikidhani nawarahisishia watoto mafumbo ya hesabu.

Kisha nikawapa hili: Asha ana gololi 8. Amemzidi Juma kwa gololi 3. Juma ana ngapi? Karibu darasa zima likaandika 11. Mmoja akaandika 24, na nilipomuuliza akanijibu bila wasiwasi: "Si umesema amezidi, mwalimu?" Kwake kuzidi na kuzidisha ni mtu na ndugu yake. Ningemlaumu vipi? Lugha ilitega mtego, bango langu likamsukuma ndani.

"Tofauti" nayo ina vituko vyake. Niliwahi kuuliza tofauti ya 8 na 5, nikaambiwa 8 ina matumbo mawili. Kweli tupu, ila si hesabu.

Karibu mwaka 1980, watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwauliza watoto 97 wa madarasa ya chini: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walipata "umri" kwa kuzitumia namba hizo. Si wajinga hao. Walishajifunza kwamba shuleni namba ikitajwa lazima itumike.

Thomas Carpenter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliyagawa mafumbo ya kujumlisha na kutoa katika makundi manne: kuunganisha, kutenganisha, sehemu na kitu kizima, na kulinganisha. Ila kinachomtoa mtoto jasho hasa ni kile kilichofichwa. "Alikuwa na 5, akapewa 3, sasa anazo ngapi?" Hata wa chekechea ataicheza kwa vizibo. Sasa ficha mwanzo: alikuwa na gololi kadhaa, akapewa 3, sasa anazo 8. Kisa kinasema kupewa, jibu linapatikana kwa kutoa! Bango lingefaa nini hapo? Na vitabu nilivyofundishia vimejaa aina ile ya "sasa anazo ngapi?", ukurasa baada ya ukurasa.

Siku hizi naanza na fumbo lisilo na namba. Asha ana gololi nyingi kuliko Juma. Nani anazo chache? Wanasimulia, wanabishana, ndipo natia namba na kugawa vizibo. Kipindi kizima huishia kwenye mafumbo mawili, na wapo wanaoniambia napoteza muda. Sawa, naupoteza.

Yule wa 24 alipanga vizibo 8 mstari mmoja, akaanza kupanga vya Juma chini yake, kimoja kwa kimoja. Katikati akasita. Akafunika vitatu vya mwisho vya Asha kwa kiganja, akaniangalia: "Hivi vitatu Juma hana, eti?"