Kuhusu mbio za Ards: anayeonekana mbele si lazima awe anaongoza

Makala moja kuhusu Tourist Trophy, mbio za magari za Ards, Ireland Kaskazini, inasema mshindi alikuwa gari lenye kasi kuliko yote. Sivyo. Kuanzia 1928 hadi 1936 mbio hizi zilikuwa za fidia: gari dogo lilipewa mizunguko ya bure (iliyohesabiwa bila kukimbiwa) na dakika za kutangulia, kubwa likafukuza. Barabara za kawaida za miji ya Newtownards, Comber na Dundonald zilifungwa ili zitumike. Mzunguko mmoja ulikuwa kama kilomita 22, jumla mizunguko 30 hivi.

Ndiyo maana mtazamaji bila jedwali la hesabu hakuelewa kitu. Mwaka 1929 dereva Mjerumani Rudolf Caracciola, na Mercedes yake ya lita 7, alilazimika kufidia mizunguko mitano dhidi ya Austin ndogo, tena mvua ikinyesha, akashinda. Kazi ngumu ilikuwa ya wapanga fidia: wakikosea kidogo, kundi zima la magari ya ukubwa mmoja linakosa nafasi ya kushinda. Na dakika iliyopotea wakati wa kujaza mafuta hairudi, na pengo linaweza kuwa dogo: mwaka 1933 Mwitaliano Tazio Nuvolari alimshinda Hugh Hamilton, wote wakiwa na magari ya MG, kwa sekunde 40 tu.

Kilichozimaliza mbio hizi za Ards ni ajali ya 1936 pale Newtownards: gari liliacha barabara, watazamaji 8 wakafa.