Nani Kamwita Override?

Seva yetu ilikuwa inakaa chini ya meza. Chini ya meza kabisa, Kariakoo, kwenye fremu ya jamaa mmoja anayeuza wino wa printa, imefunikwa kanga isile vumbi. Ndani yake mlikuwa na Bugzilla, programu ya kuandikisha hitilafu iliyozaliwa kwa watu wa Mozilla mwaka 1998, na ndani ya Bugzilla mlikuwa na tiketi 1,143 za programu yetu huria ya hesabu za vikoba. Miaka tisa ya malalamiko. Siku moja jamaa akanipigia: "Kaka, fremu nairudisha kwa mwenyewe. Njoo umchukue mtoto wako kabla ya Jumatatu."

Mradi huu tunautunza watatu, wote kwa kujitolea: mimi Dar, dada mmoja Arusha, na mwenzetu wa Mombasa tunayemwita Mzee ingawa ndiye mdogo wetu. Tukaamua tiketi zihamie kwenye jukwaa la mtandaoni. Dada akashauri tukae tupange, tugawane kazi. Nikamwambia hii ni kazi ya usiku mmoja. Watu wa lugha ya programu ya Python walihamisha tiketi zao 2022, wale wa LLVM, zana za kutengenezea lugha za programu, mwaka mmoja kabla yao, na wote wako hai. Sikugusia kwamba wenzetu wale walijiandaa kwa muda mrefu, tena wakiwa wengi. Mimi nilikuwa na chapati mbili na chai ya rangi.

Nikaandika skripti, yaani programu ndogo ya kufanya kazi hiyo yenyewe. Inachukua tiketi kutoka seva ya zamani, inaiandika kwenye jukwaa jipya, inafuatisha maoni yake moja moja, na kila ikiandika inapumzika sekunde mbili. Kupumzika si hisani. Jukwaa likiona unaandika mfululizo kama mwenye pepo, linakufungia mlango. Nikajaribu tiketi kumi kwenye hazina ya faragha, ghala la mradi lisiloonekana na watu wa nje. Zikapita safi. Faragha hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ijumaa, saa nne usiku, nikafungua hazina ya hadharani, nikabonyeza, nikaketi kutazama namba zikipanda. Utamu wake ni kama kuona foleni ya Ubungo inasogea. Zilipofika 380 nikajinyoosha kitandani.

Saa nane kasoro nikaamshwa na joto. Feni imesimama, Luku imeisha uniti. Laptopu ilikuwa hai kwa betri yake, lakini ruta ilishazima zamani na skripti ilikuwa imefia kwenye tiketi ya 611. Nikanunua umeme kwa simu, nikaingiza zile tarakimu 20 gizani, nikimulika kwa tochi ya simu ileile yenye tarakimu zenyewe. Aliyewahi kufanya hivyo anajua kazi ile inataka mikono mitatu. Ruta ikawaka, nikaiamsha skripti, nikalala kama mtu aliyetimiza wajibu.

Skripti haikuwa na kumbukumbu ya ilipoishia. Ilianza upya na tiketi ya 1.

Asubuhi ikaingia simu ya Mombasa.

"Ndugu yangu, hujambo? Kichwa ki salama?"

"Sijambo, Mzee. Kuna nini?"

"Nauliza tu, maana usiku kucha ulikuwa wajitukana."

Nikafungua laptopu. Kumbe kila kilichopita kilipita kwa ufunguo wangu wa kuingilia jukwaani, kwa hiyo kila neno limebeba jina langu. Kuna mteja mmoja aliwahi kuandika kwa hasira: "Aliyetengeneza ukurasa wa marejesho hajawahi kukopeshwa hata chumvi." Sasa ni mimi niliyesema. Chini yake namshukuru kwa uvumilivu. Chini ya hapo najijibu: "Uvumilivu gani? Mwenyekiti wetu anadaiwa laki nane, programu inasema ametoa zawadi!" Hayo mazungumzo yalikuwa marefu, na yalikuwepo mara mbili.

Halafu Bugzilla huonyesha maandishi matupu, ilhali jukwaa jipya likikuta alama ya reli mwanzoni mwa mstari linadhani unaandika kichwa cha habari. Maelezo madogo ya ndani ya faili za mipangilio yakavimba kama mabango ya mkutano wa injili. Namba nazo zilikuwa zimehama, kwa hiyo kila palipoandikwa "tazama 214" ukitazama unakuta habari za rangi ya kitufe.

Hayo yalikuwa ya nyumbani, tungeyamaliza wenyewe. Lililotoka nje ya mlango ni alama ya @.

Programu yetu imeandikwa kwa lugha ya Java, na Java ina desturi ya kutanguliza juu ya kodi, yaani maandishi ya programu (si ya nyumba, ingawa hiyo nayo ilikuwa imefika) maneno kama @Override na @Test. Kwa miaka tisa watu walikuwa wakibandika vipande vya kodi kwenye tiketi, na hakuna aliyedhurika. Kwenye jukwaa jipya @ ikitangulia jina ni kumwita mtu, na aliyeitwa anapelekewa barua pepe. Sasa, duniani yupo mtu aliyejiandikisha zamani, majina mafupi yakiwa bado hayajaisha, akachagua kuitwa Override. Kwenye hazina ya faragha wasio na ruhusa hawafikiwi na kitu, ndiyo maana majaribio yangu kumi yalipita kimya. Kwenye ya hadharani aliitwa mara 407.

Test naye aliitwa sana. Hajasema kitu mpaka leo, nadhani ameshazoea.

Override alitufungulia tiketi, kwa Kiingereza cha upole kabisa. Alisema tangu jana amepokea barua 407 kutoka kwetu, amesoma kiasi kwa mashine ya kutafsiri, na ameelewa kwamba kuna mwenyekiti anadaiwa. Yeye hamfahamu. Aliomba kuambiwa kama kuna jambo anatakiwa kufanya.

Dada wa Arusha akaniambia, "Kaka, mjibu wewe, tena kwa adabu. Huyo ni mgeni."

Nikaketi saa nzima. Nikaomba radhi, nikaeleza habari za Java tangu mwanzo, nikambandikia na mfano ili aone mwenyewe jinsi mkasa ulivyotokea. Nikatuma. Haikupita dakika, Mzee akaniandikia:

"Barua nzuri mno, ndugu yangu. Lakini umeianza na 'Mpendwa @Override', na kwenye mfano wamwita mara tatu zaidi. Wamfikisha 411."

Nikaifuta, nikaandika upya mistari miwili bila alama yoyote, nikaisoma kwa sauti kabla ya kutuma. Jioni Override akajibu. Safari hii aliandika kwa Kiswahili, maneno mawili tu:

"Mwenyekiti amelipa?"