Skuta za umeme: Paris wamefukuza za kukodi, Uingereza wamezuia za kununua, nani kapatia?

Tarehe 2 Aprili 2023 watu wa Paris walipiga kura kuhusu skuta za umeme za kukodi, na karibu asilimia 89 ya waliopiga wakasema ziondoke. Kweli waliojitokeza hawakufika hata asilimia 8 ya wapiga kura, lakini jiji likasema kura ni kura, na ilipofika Septemba mwaka ule ule skuta kama 15,000 zikawa zimeshaondoka mitaani. Ila ukiwa na skuta yako mwenyewe pale Paris unaendesha tu, mradi ufuate sheria. Sasa vuka maji uende Uingereza, huko mambo yamegeuzwa, tangu Julai 2020 za kukodi zimeruhusiwa kwa majaribio kwenye miji kadhaa lakini ile uliyonunua kwa hela yako ukiipeleka barabarani ni kosa, labda uendeshe kwenye kiwanja cha mtu aliyekuruhusu. Nchi mbili majirani, kifaa kimoja, maamuzi yamepishana kabisa, na kila upande una hoja nzito ndo maana nataka tuzipime vizuri. Nazungumzia zile za kusimama jamani, zenye kibao cha kukanyaga, usukani mrefu na matairi mawili madogo, sio pikipiki ya umeme ya kukaa.

Tuanze na Paris. Hasira ya watu wengi haikuanzia kwenye umeme wala kwenye spidi, ilianzia kwenye jinsi zilivyokuwa zinaachwa. Mtu amekodi kwa dakika kumi, amefika, anaitupa palepale katikati ya njia ya waenda kwa miguu na anaondoka zake kwa sababu hana uchungu nayo, sio yake, kesho ataokota nyingine. Wewe unayeona na mwenye miguu mizima utairuka tu, lakini kwa asiyeona anayetembea na fimbo yake, au aliye kwenye kiti cha magurudumu, skuta moja iliyolala chini imeshafunga njia. Hiyo mimi siichukulii kama usumbufu mdogo hata kidogo.

Halafu kuna hoja ya mazingira, ambayo kampuni za kukodisha ziliinadi sana toka Bird, mojawapo ya kampuni hizo, walipoanza Santa Monica, Marekani, mwaka 2017. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha North Carolina State walikaa chini wakapiga hesabu ya maisha yote ya skuta ya kukodi, kuanzia kiwandani hadi inapotupwa, wakakuta umeme wa kuchaji ni kitu kidogo tu, uchafuzi mkubwa unatoka kwenye kuitengeneza na kwenye magari yanayozunguka kuzikusanya zikachajiwe. Na walipoangalia watumiaji wangesafiri vipi kama skuta isingekuwepo, karibu nusu wangetembea au kupanda baiskeli, kama theluthi moja tu ndo wangetumia gari. Yaani nusu ya safari zile hazikupunguza gari lolote barabarani, zimepunguza watu kutembea. Na skuta za mwanzo zilikuwa hazidumu, zinapigwa huku na huku, zinatupwa mitoni, kwa hiyo ule uchafuzi wa kiwandani unagawanywa kwa kilomita chache. Bird wenyewe waliishia kuomba ulinzi wa kufilisika Desemba 2023.

Sasa chukua hesabu ile ile uipeleke kwa mtu aliyenunua yake. Hakuna gari la kuja kuikusanya usiku, anaichaji mwenyewe kwenye soketi ya ukutani. Hawezi kuitupa njiani maana itaibiwa. Akiitunza inamkalia miaka. Angalia Xiaomi M365, ile iliyofanya skuta zienee kwa watu wa kawaida, ina uzito wa kilo 12 na nusu, betri yake ni ya watisaa 280 (watisaa ni kipimo cha umeme unaohifadhiwa au kutumika) na kampuni inasema inaenda kilomita 30 ikiwa imejaa. Tuseme barabarani unapata 20 tu kwa sababu ya vilima na uzito wako, bado unatumia watisaa 14 kwa kilomita, wakati gari la umeme la kawaida linakula zaidi ya mara kumi ya hapo kwa sababu linaburuza tani nzima na ziada ili kumbeba mtu mmoja. Na kizuri zaidi inakunjika, unaingia nayo kazini unaiweka chini ya meza, hutafuti pakingi. Kwa mtu anayekaa kilomita tatu kutoka stesheni, mbali kwa kutembea na karibu mno kwa kuchukua gari, sijaona kitu kinachofaa kuliko hiki. Hapo Paris nawaelewa kabisa.

Lakini msiwacheke Uingereza haraka. Skuta ya kukodi ina kitu kimoja ambacho ya kununua haina, kuna mtu anawajibika nayo. Spidi imefungwa, haivuki kilomita 25 kwa saa, bima inatoka kwa kampuni, na mwendeshaji lazima awe na leseni. Ya kununua je? Zipo zinazouzwa zenye mota mbili zinazokimbia kuliko pikipiki ndogo, na hata ile ya kawaida mtu anaweza kuitoa kizuizi cha spidi kwa apu ya simu tu. Kuna na moto. Betri ya lithiamu ikiwa ya hovyo, au imeharibika, au inachajiwa na chaja isiyo yake, inaweza kupata moto wenyewe unaojichochea ndani kwa ndani, inatoa moshi wa sumu na haizimiki kirahisi. Usafiri wa umma wa London ulikataza skuta binafsi kuingia kwenye treni na mabasi yake toka Desemba 2021 baada ya matukio ya moto. Na hapa naomba niseme kwa nguvu: watu wengi wanachaji skuta usiku, wamelala, na wameiweka koridoni karibu na mlango. Ikiwaka ndo imeziba njia yenu ya kutokea. Tafadhali ichajini mkiwa macho na isikae kwenye njia ya kutokea.

Kwa hiyo kwenye mambo mengi kukodi na kununua vinatofautiana. Kuna kitu kimoja hakitofautiani na kwangu ndo kikubwa kuliko vyote, nacho ni ule udogo wa tairi. Tairi la skuta ya kawaida ni inchi 8 na nusu, la baiskeli ya mtu mzima ni inchi 26 kwenda juu. Shimo ambalo baiskeli inalipita kwa kutikisika tu, tairi la skuta linazama na kukwama humo, na wewe umesimama wima, uzito wako uko juu, hakuna cha kukuzuia, unapitiliza mbele ya usukani na kinachotangulia chini ni mikono na uso. Kwa spidi ya 25 unapita mita 7 kila sekunde, ukishtuka tu sekunde moja umeshaliingia. Jaribu pia kutoa ishara ya mkono unapotaka kukata kona, kwenye baiskeli ni rahisi, kwenye skuta ukiachia mkono mmoja usukani unaanza kucheza mara moja, kwa hiyo wengi hawatoi ishara kabisa na dereva aliye nyuma anabaki kubahatisha.

Mji wa Austin, Texas walifuatilia majeruhi wa skuta mwishoni mwa 2018, wakapata waendeshaji 190. Karibu nusu walikuwa wameumia kichwa, na katika wote hao mmoja tu ndo alikuwa amevaa helmeti. Theluthi moja waliumia safari yao ya kwanza kabisa kuipanda. Na nusu ya waliohojiwa walisema ubovu wa barabara, shimo au ufa, ulichangia. Waliogongana na magari walikuwa wachache, kama mmoja kati ya kumi. Yaani wengi wameanguka peke yao.

Ndo maana watu wanakimbilia njia ya waenda kwa miguu, ni laini na haina magari, lakini hapo unahamishia hatari yako kwa bibi wa watu na watoto. Singapore walilifunga hilo Novemba 2019, skuta marufuku kwenye njia za miguu, zikabaki na njia za baiskeli tu. Naunga mkono bila kusita.

Mimi naona Wajerumani ndo wako karibu na ukweli. Toka Juni 2019 kule haijalishi umekodi au umenunua, wanaangalia chombo chenyewe: kisizidi kilomita 20 kwa saa, kiwe na breki mbili zinazojitegemea, taa, kengele, na stika ya bima nyuma, na kipite njia ya baiskeli, isipokuwepo basi barabarani, sio kwa waenda kwa miguu. Ningeongeza helmeti, maana hawajailazimisha na takwimu za Austin zinaonyesha kabisa kwa nini ilazimishwe. Ila hata sheria hiyo inategemea uwepo wa njia ya baiskeli iliyo nzima, na mji usio nayo ukiruhusu skuta unamwambia mwendeshaji achague kati ya kuhatarisha maisha yake kwenye magari na kuhatarisha ya wengine kwenye njia ya miguu. Mji wa namna hiyo mimi ningeuambia uanze na kuchora njia na kuziba mashimo, baiskeli nazo zitafaidika, halafu suala la skuta lijadiliwe baadaye.